Tarakimu moja kwenye kisanduku cha vijiti vya sukari

Swali: "Mama yangu ana kisukari na anatumia insulini. Miezi mitatu iliyopita nilimnunulia vijiti vya kupimia sukari kwa muuzaji wa mtandaoni, visanduku vitatu kwa mpigo, kwa sababu vilikuwa nafuu. Juzi nimesoma tangazo la mamlaka ya udhibiti kwamba toleo moja la vijiti hivyo, yaani vilivyotengenezwa pamoja kwa mkupuo mmoja, linaondolewa sokoni kwa kuwa ni duni na lebo zake zinapotosha. Namba ya toleo letu inatofautiana na ile iliyotangazwa kwa tarakimu moja tu ya mwisho. Muuzaji anasema bidhaa imesajiliwa, kwa hiyo haiwezi kuwa mbovu, na kwamba habari ya lebo ni ya makaratasi tu. Ndugu zangu wananiambia nitupe kila kitu. Je, vijiti vyetu ni salama? Vipimo vya mama vya miezi yote hii vilikuwa vya uongo? Na kama serikali inajua ubovu huo, mbona haijamfungia mtengenezaji wala kumkamata mtu?"

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na jambo lisiloweza kusubiri, nalo ni la mama. Kuanzia leo asipimwe tena kwa vijiti hivyo mpaka vihakikiwe, na wakati huohuo asiache kupimwa, kwa sababu mtu anayejidunga insulini bila kujua sukari yake anatembea gizani. Tafuta kisanduku kingine mahali ambapo unaweza kurudi na kuuliza, yaani duka la dawa lenye kibali au kliniki anayohudhuria. Dozi ya insulini msiibadilishe wenyewe kwa hofu ya tangazo, iwe kwa kupunguza au kwa kuongeza. Mpigieni simu daktari wake leo, hasa ikiwa dozi yake hupangwa kila mara kwa kufuata namba iliyoonekana kwenye kipimo.

Visanduku vyote vitatu, hata kile kilichokwisha, visitupwe. Ushauri wa ndugu zako umetoka kwenye nia njema, lakini ukivitupa unatupa ushahidi pekee ulio nao dhidi ya muuzaji, na pia unatupa kitu ambacho maabara ingeweza kukipima ili kuwakinga wagonjwa wengine. Kila kichupa kikae na kisanduku chake, vyote viingie kwenye mfuko mmoja ulioandikwa "visitumike", pamoja na risiti na picha za mazungumzo yako na muuzaji kabla hajayafuta. Viweke mahali pakavu pasipo na joto, kwa sababu ukiviacha juani muuzaji atasema, tena kwa haki, kwamba uliviharibu wewe.

Sasa tuje kwenye hoja ya muuzaji kwamba lebo ni makaratasi. Kati ya yote aliyokuambia, hili ndilo lenye madhara zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kwa muda.

Chukua kijiti kimoja ukitazame kwenye mwanga. Kwenye ncha yake utaona mfereji mwembamba sana, ambao hujivutia damu wenyewe mara tone linapougusa. Ndani ya mfereji huo kuna tabaka la kimeng'enya kinachoshambulia glukosi, na shambulio hilo huzalisha mkondo mdogo wa umeme. Mashine yako haioni sukari hata kidogo. Inachopima ni mkondo huo, kisha inaugeuza kuwa namba kwa kutumia kanuni iliyowekwa kiwandani. Hakuna kiwanda kinachoweza kupaka tabaka hilo kwa ulinganifu kamili mwaka mzima, na ndiyo sababu kila toleo hupimwa na kupewa urekebisho wake. Katika mashine za zamani urekebisho huo ni msimbo ulioandikwa kwenye kichupa, nawe huuingiza mwenyewe. Katika nyingine hubebwa na kadi ndogo inayokuja na kisanduku. Katika nyingi za sasa kiwanda huhakikisha matoleo yote yanalingana na kanuni moja, na lisilolingana halitakiwi kutoka getini. Kwa vyovyote vile, maneno na namba zilizo kwenye kisanduku ni sehemu ya kipimo chenyewe. Msimbo ukikosewa, kila jibu linaegemea upande uleule siku zote, na mgonjwa ambaye sukari yake halisi ni milimoli 4 kwa lita anaweza kuonyeshwa namba kubwa, akaongeza insulini, akazimia.

Tarehe nazo ni hivyohivyo. Kimeng'enya hufa polepole kwa unyevu na joto, ndiyo maana vichupa vingi vina kinyonya unyevu ndani ya kifuniko au kwenye kuta zake, na ndiyo maana unaagizwa kufunga mara tu unapotoa kijiti. Lakini kijiti kilichokufa hakibadiliki rangi wala harufu. Mtu akinunua shehena iliyopita muda wake, akabandua lebo na kuchapisha tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo mbele kwa miaka miwili, vilivyomo ni vijiti halisi vya kiwanda halisi, na uongo wote umo kwenye kipande cha karatasi chenye upana wa kidole. Nimekagua visanduku vya namna hiyo, na mara nyingi kosa lilionekana kwa kulinganisha tu: kisanduku kinasema tarehe moja na kichupa kilicho ndani yake kinasema nyingine, kwa kuwa mbandikaji alichoka kufungua kila kisanduku.

Kwa sababu hizo sheria za udhibiti katika nchi nyingi hushitaki bidhaa kwa makosa mawili ambayo husafiri pamoja. La kwanza ni ubovu wa kilichomo, yaani ubora au usafi uko chini ya ule ambao bidhaa yenyewe inajidai kuwa nao. La pili ni uongo au upotoshaji wa maelezo yake, ikiwa ni pamoja na kunyamaza pale palipotakiwa onyo. Kijiti kilichokufa chenye lebo inayosema kina usahihi kamili kina hatia mara mbili. Tangazo ulilosoma linaposema "duni na lebo zake zinapotosha" halirudii neno moja kwa njia mbili. Linataja mashitaka mawili.

Historia ya Marekani inafundisha vizuri hapa, kwa kuwa kila hatua yake iliandikwa mahakamani. Sheria yao ya chakula na dawa ya mwaka 1906 ilikataza lebo za uongo, lakini mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya dawa iliyouzwa kuwa tiba ya saratani, iliamua kwamba katazo hilo lilihusu uongo kuhusu vilivyomo kwenye chupa, si uongo kuhusu uwezo wa kuponya. Mwaka uliofuata bunge lilirekebisha sheria, lakini likaitaka serikali ithibitishe kwamba muuzaji alikusudia kudanganya, na kwa hiyo kila aliyeweza kuapa kwamba anaiamini dawa yake alikuwa na mlango wa kutokea. Kisha mwaka 1937 ikaja sharubati ya salfanilamidi, dawa halisi ya bakteria iliyoyeyushwa katika diethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Sheria ya wakati huo haikumlazimu mtengenezaji kupima usalama wa dawa kabla ya kuiuza, na maofisa walipotafuta kifungu cha kuwawezesha kuikamata walipata kimoja tu: iliitwa "elixir", jina ambalo kwa desturi ya wafamasia lilimaanisha kwamba ndani kuna alkoholi, na haikuwa na alkoholi. Kosa la jina kwenye lebo ndilo lililoipa serikali nguvu ya kisheria ya kuikusanya sumu hiyo, na wakaguzi waliifuata chupa kwa chupa hadi wakapata karibu yote iliyokuwa haijanywewa. Sheria mpya ya mwaka 1938 iliondoa sharti la kuthibitisha nia, ikadai ushahidi wa usalama kabla ya dawa kuuzwa, na kwa mara ya kwanza ikaviingiza vifaa tiba chini ya udhibiti huo. Mtu anayesema lebo ni makaratasi tu angefaa asimuliwe habari za mwaka huo, na aongezewe kwamba mwaka 2022 sumu ileile ilikutwa kwenye dawa za maji za watoto, Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari, baada ya makumi ya watoto kufa nchini Gambia.

Upotoshaji pia hauhitaji neno la uongo. Mwaka 1924 Mahakama hiyohiyo ya Juu ya Marekani, katika shauri la siki, ilisema kwamba maneno yaliyo kweli yakichukuliwa moja moja yanaweza bado kudanganya kwa namna yalivyopangwa. Kwenye vijiti vya sukari utalikuta jambo hili kwenye visanduku vinavyotangaza kwamba "vinafaa kwa mashine" fulani yenye sifa, huku aliyepimwa na kusajiliwa ni mtengenezaji wa mashine na si wa vijiti. Kila neno pale linaweza kutetewa, na mnunuzi bado ametapeliwa.

Kuhusu kunyamaza pasipo onyo, kuna mfano wa vijiti hivihivi. Aina fulani ya kimeng'enya kilichotumika katika baadhi ya vijiti ilikuwa haitofautishi glukosi, yaani sukari ya damu, na maltosi, sukari ya aina nyingine, na wagonjwa waliokuwa wakipewa tiba zenye sukari hiyo nyingine, hasa baadhi ya wanaosafishwa damu kwa maji yanayoingizwa tumboni, walionyeshwa namba za juu ilhali sukari yao halisi ilikuwa chini. Mwaka 2009 mamlaka ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za vifo 13. Vijiti vile havikuwa bandia wala havikuoza. Vilifanya kazi kama vilivyoundwa, na jambo lililopaswa kumfikia mhudumu kwa sauti kubwa lilimfikia kwa maandishi madogo. Kama mama yako ana tatizo la figo na anapata tiba ya namna hiyo, mtajie daktari leoleo.

Nikija kwenye usajili: muuzaji wako anachanganya bidhaa na kibali chake. Usajili unamaanisha kwamba siku fulani mtengenezaji aliwasilisha faili na sampuli, wataalamu wakazichunguza, wakaridhika kwamba kitu kilichoelezwa, kikitengenezwa kama kilivyoelezwa, kinafaa. Usajili hauwezi kuapa kwa niaba ya shehena itakayotoka kiwandani miaka miwili baadaye. Ufaransa iliyajua haya kwa uchungu: kampuni moja iliyokuwa na vyeti vyote iliuza duniani kote vipandikizi vya matiti vilivyojazwa silikoni ya viwandani badala ya ile iliyoidhinishwa, huku faili lake likiendelea kusomeka vizuri. Mamlaka iliviondoa sokoni mwaka 2010 na mwanzilishi wa kampuni akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Kwa hiyo "imesajiliwa" ni jibu la swali la kwanza tu, na bila usajili hupaswi hata kuendelea kuuliza, lakini halijibu kuhusu kichupa kilicho mkononi mwako.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 hutenganisha bidhaa mbaya za afya katika makundi matatu ambayo inafaa uyajue, kwa kuwa tangazo huwa linachagua neno lake kwa makusudi. Bidhaa duni ni halali kwa asili yake, ila imeshindwa kufikia kiwango, ama kwa uzembe wa kiwanda ama kwa kuhifadhiwa vibaya. Bidhaa bandia ni ile ambayo utambulisho wake, vilivyomo au chanzo chake kimeghushiwa kwa kudhamiria. Na bidhaa isiyosajiliwa ni ile ambayo haijapitia uchunguzi wa soko inamouzwa; huenda ni nzuri, huenda ni sumu, hakuna aliyeangalia. Mwaka huohuo shirika lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati takriban bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni duni au bandia. Vijiti vilivyobadilishwa tarehe vimevuka mpaka wa makundi mawili ya kwanza: vilizaliwa halali, vikaghushiwa njiani.

Sasa tarakimu yako moja. Ningependa kukuambia kwamba namba tofauti ni toleo tofauti na ulale usingizi, lakini si hivyo. Mipaka ya tangazo huchorwa kwa kufuata mahali kosa lilipozaliwa. Kama ni malighafi, kila toleo lililotumia malighafi hiyo limo, hata namba zake zikiwa mbalimbali. Kama ni mashine ya kubandika lebo, ni saa kadhaa tu za kazi ya siku moja. Kama ni ghala lililopata joto, ni kila kilichopita ghalani humo, na kisanduku chenye namba ileile kilichopitia ghala jingine kinaweza kuwa kizima kabisa. Tena kwa baadhi ya watengenezaji tarakimu au herufi ya mwisho huonyesha tu awamu ya ufungashaji, maana yake vijiti vya visanduku vyote viwili vilitoka kwenye karatasi moja iliyopakwa siku moja. Kwa hiyo kutokuwemo kwenye orodha kunasema kwamba toleo lako halijashitakiwa, nalo ni jambo lenye uzito, ila si hukumu ya kuachiwa. Si nadra tangazo la pili kufuata la kwanza likiongeza matoleo baada ya uchunguzi kuendelea.

Swali la kumpelekea mtengenezaji au wakala wake, kwa maandishi, ni hili: je, toleo letu limetokana na uzalishaji uleule na lile lililotajwa, na je, mliliuza kwa msambazaji gani? Nusu ya pili ya swali ina faida ambayo wengi hawaioni. Waghushi hunakili namba halisi za matoleo halisi, kwa hiyo namba inaweza kuwa ya kweli na kisanduku kikawa bandia. Lakini mtengenezaji akikujibu kwamba toleo hilo halikupata kuuzwa katika soko lako, basi umeshajua unachokishika. Mwaka 2006, vijiti bandia vya sukari vilipoingia madukani Marekani, watumiaji walielekezwa kuvitambua kwa namba za matoleo na kwa maandishi ya kisanduku, kwa sababu kwa macho kijiti chenyewe hakisemi kitu. Wewe pia anza hapo: je, namba ya kisanduku na ya kichupa ni moja? Tarehe je? Kuna mahali wino unafutika ukiusugua kwa kidole chenye unyevu, au lebo iliyobandikwa juu ya lebo? Muhuri wa kisanduku ulikuwepo ulipokifungua? Jibu baya kwa lolote kati ya haya linatosha kuacha kutumia. Majibu mazuri kwa yote hayatoshi kuthibitisha kwamba ni vizima.

Wapo watakaokushauri utumie kimiminika cha kuhakiki, kile kinachouzwa na mashine, na ulinganishe jibu na kiwango kilichochapishwa kwenye kichupa. Fanya, ni ushauri mzuri, ila ujue mpaka wake. Jibu likitoka nje ya kiwango, na kimiminika chenyewe hakijapita muda wake, vijiti hivyo visitumike. Jibu likiwa ndani, bado unategemea kwamba kiwango kilichochapishwa kimechapishwa na mkweli, na kama kichupa ni cha kughushi, basi umemwomba mshitakiwa awe shahidi wake mwenyewe.

Unauliza mbona hakuna aliyekamatwa. Naielewa hasira hiyo, na sehemu yake ni ya haki. Lakini kuondoa bidhaa sokoni na kumwadhibu mtu ni kazi mbili zenye mizani tofauti ya ushahidi, na afadhali ya kwanza isisubiri ya pili. Ili kuizuia shehena, inatosha mamlaka kuwa na sababu ya msingi kuamini kwamba ina kasoro. Ili kumfunga mtu, inabidi mnyororo wa ushahidi usikatike popote: mkaguzi alichukua sampuli wapi, mbele ya nani, aliifunga kwa lakiri namba gani, maabara iliipokea lakiri ikiwa nzima, ikapima kwa njia inayokubalika. Sheria za nchi nyingi hutaka sampuli igawanywe, sehemu moja ibaki kwa mwenye mali ili naye aipime akitaka. Nimeona kesi nzuri ikifa kwa sababu fomu moja haikuwa na saa ya kuchukuliwa kwa sampuli. Katikati ya onyo na jela kuna ngazi nyingi ambazo magazeti hayaziandiki: barua ya onyo, amri ya kusimamisha mauzo, kukamata mali na kuiteketeza, kusitisha usajili, kuzuia mzigo bandarini. Mtengenezaji akiwa nchi nyingine, hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo silaha pekee inayomfikia.

Jambo jingine huwashangaza watu: kwa kawaida anayeondoa bidhaa sokoni ni mtengenezaji mwenyewe au wakala wake, na mamlaka husimamia. Huonekana kama kumpa fisi kazi ya kuhesabu mbuzi, lakini yeye ndiye mwenye daftari la nani aliuziwa nini, na serikali ikianza kulisaka daftari hilo kwa amri ya mahakama, vijiti vitakuwa vimeshatumika. Kosa ninaloliona mimi kwa mamlaka liko kwingine. Matangazo mengi huandikwa kwa ajili ya mawakili. Hutaja namba ya toleo na kifungu cha sheria, na kumsahau mtu mwenye kisanduku mkononi anayetaka kujua mambo mawili tu: nisitumie? nipeleke wapi? Tangazo lililokufanya uniulize mimi limeshindwa nusu ya kazi yake.

Na muuzaji asijifiche nyuma ya "mimi nilinunua tu". Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha hatia ya mkuu wa kampuni iliyonunua dawa kwa watengenezaji, ikazifungasha upya kwa lebo yake na kuzisambaza, ingawa haikuthibitishwa kwamba yeye binafsi alijua kasoro yake. Mantiki ya mahakama ilikuwa kwamba mgonjwa hana namna ya kukagua, ilhali aliye kwenye nafasi ya kukagua anayo. Nchi hutofautiana katika ukali wa kanuni hii, na wengine humpa muuzaji utetezi akionyesha kwamba alinunua kwa chanzo halali na kutunza kumbukumbu. Muulize basi wako: ankara yake ya manunuzi iko wapi? Mwenye ankara huitoa haraka, kwa kuwa inamwokoa yeye.

Nimebakiza swali ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi, la vipimo vya miezi mitatu. Kwanza ujue kwamba hata vijiti vizuri vina ruhusa ya kukosea. Kiwango cha kimataifa cha vipima sukari vya nyumbani, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka angalau asilimia 95 ya majibu yasipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapokuwa milimoli 5.55 kwa lita au zaidi, na kwa zaidi ya milimoli 0.83 inapokuwa chini ya hapo. Kwa hiyo sukari ya kweli ya 10 inaweza kusomeka 8.6 leo na 11.3 kesho bila ya kosa la mtu. Namba moja ya ajabu haithibitishi ubovu. Kinachotia shaka ni majibu yanayoegemea upande mmoja kwa wiki nyingi, au yasiyofanana na hali ya mgonjwa, kwa mfano mashine inaonyesha 9 na mtu anatetemeka na kutokwa jasho.

Pili, upo ushahidi ambao muuzaji hakuweza kuuchezea, nao umo ndani ya damu ya mama. Glukosi hujinasa kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, kipimo cha HbA1c, ambacho wagonjwa hukiita kipimo cha miezi mitatu, kinaonyesha wastani wa sukari wa kipindi hichohicho unachokitilia shaka, wiki za karibuni zikiwa na uzito zaidi. Mwombe daktari akipime, kisha alinganishe na daftari la mama. Vikitofautiana sana, vijiti ni mtuhumiwa wa kwanza. Mkumbushe pia kama mama ana upungufu wa damu, selimundu, ugonjwa wa figo, au ameongezewa damu karibuni, kwa sababu hali hizo hupotosha HbA1c. Na wastani una udhaifu wake: mtu anayepanda sana usiku na kushuka sana mchana anaweza kuonekana wa kawaida. Ndiyo maana ningependa siku hiyohiyo pia achukuliwe damu ya mshipa kwa maabara na, ndani ya dakika chache, apimwe kwa kijiti kimoja kutoka kwenye kisanduku chenu, mhudumu akiandika majibu yote mawili. Hapo ndipo kijiti hicho kitakuwa na manufaa yake ya mwisho.

Msisubiri miadi ikiwa mama anatokwa jasho la baridi, anatetemeka, anachanganyikiwa au anaongea kama mlevi: mchukulieni kuwa sukari imeshuka, mpeni kitu chenye sukari ya haraka kama anaweza kumeza, hata kama mashine inasema yuko sawa. Akiwa hajitambui asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Akimbizwe vilevile akiwa anatapika, anapumua kwa kina na haraka, ana kiu isiyokatika au usingizi usio wa kawaida, kwa kuwa hizo ni dalili za upande wa pili, yaani sukari iliyopanda sana.

Taarifa kwa mamlaka ya udhibiti ipeleke hata kabla hujajua jibu la mtengenezaji, kwa sababu wao huunganisha malalamiko, na tarakimu yako moja inaweza kuwa ndiyo inayosogeza mpaka wa tangazo. Taja jina la bidhaa kama lilivyoandikwa, namba ya toleo ya kisanduku na ya kichupa kila moja peke yake, tarehe ya mwisho wa matumizi, ulinunua lini na kwa nani, vilihifadhiwaje, na mama alipata nini. Usiandike "ni bandia". Andika ulichokiona, waache wao waseme ni nini. Wakikuomba sampuli, wape kisanduku kimoja kilichofungwa kama kipo, udai hati ya mapokezi, na ubaki na picha. Fedha zako ni madai tofauti, na yanaweza kwenda kwa chombo cha kumlinda mlaji bila kusubiri matokeo ya maabara, hasa ikiwa muuzaji ameshindwa kuonyesha ankara.

Kesho unapompeleka mama kliniki, beba mfuko huo pamoja na mashine na daftari lake la vipimo, na mwombe mhudumu aiandike namba ya toleo ndani ya faili la mama, tarakimu kwa tarakimu, ukiisoma wewe kutoka kwenye kichupa.